Sindano ya Sura, Watu Wakasema Karuho

Mama zangu, munipe fasi kidogo mbele yenu. Nitasema polepole, juu sauti yangu ingali inachoka haraka. Na historia yenyewe iko na sehemu za kuchekesha. Mwenye kutaka kucheka acheke, mimi mwenyewe nilishacheka.

Munanijua. Niko mama wa duka hapa Kashebere, nilifika kutoka upande wa Butembo nikiwa kijana. Miaka ya vita ilinikunja sura. Leo watu wanakimbia kutoka Masisi, kesho ni sisi tunakimbia kuelekea Walikale, na tukirudi tunakuta mulango ya duka imevunjwa. Paji ikabaki imekunjana hata siku za utulivu. Wateja wakawa wananiuliza, "Mama, uko na kasirani na nani?" Na mimi sikukuwa na kasirani, nilikuwa ninauza sabuni.

Basi nilienda ku Goma kutafuta bidhaa, na mama mumoja wa kusuka nywele akanionyesha chumba ya nyuma. Mule kulikuwa dada mwenye koti nyeupe, anatobola watu sindano ya kulegeza makunyanzi. Hakuniuliza kama niko na ugonjwa, wala hakuniambia nichunge nini nikifika nyumbani. Alinitobola ku paji na ku shingo, akasema, "Mama, enda tu, utakuwa binti." Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilifurahi. Kisha siku chache paji ilikuwa laini sawa sahani. Bwana yangu akawaambia marafiki wake kama ameoa tena bila kutoa mahari.

Halafu mate ikaisha mu kinwa. Ninaamuka, ulimi imegandana juu. Ninakunywa mayi, kidogo tu kinwa inakauka tena. Nikasema ni joto, lakini huku kwetu joto iko wapi? Kisha fufu, ugali yetu ya muhogo, ikaanza kukataa kushuka. Munajua fufu haitafunwe, unaimeza tu. Yangu ilikuwa inasimama mu koo. Kope moja ikaanguka, sauti ikawa nyembamba.

Hapa kwetu, kinwa ikikauka na koo ikikataa chakula, hakuna mwenye kuuliza mambo ya sura. Wote wanasema ni karuho, ile sumu ya kutiwa mu kinywaji, inaua muntu polepole. Hata mimi sikuwaza sindano. Sindano ilikuwa ya makunyanzi, ugonjwa iko mu kinwa, nani angeunganisha? Shemeji yangu akaniuliza, "Mara ya mwisho ulikunywa kwa nani?" Nikamwambia vile ilikuwa: pombe ya ndizi, kasiksi, kwa jirani yangu, mama mulimaji wa maharagi. Na alionja yeye wa kwanza mbele yangu, sawa vile desturi inaomba. Shemeji akasema, "Njo vile wanafanyaka. Anaonja, kisha anaenda kulamba dawa ya kuzima ile sumu."

Jioni vijana walikuwa wanapita mbele ya nyumba ya ule mama wakisema mulozi, mulozi. Hapa kwetu, muntu akiitwa mulozi hakuna anayengojea tribinali. Niliogopa kufa. Na niliogopa pengine kweli ni yeye.

Wakanipeleka kwa munganga wa majani, akaninywesha dawa ya kutapisha. Koo haikukuwa na nguvu, dawa ikaingia njia ya pumzi. Nilikohoa mpaka nikaona giza. Nikiwa chini pale, nikasikia sauti ya jirani yangu ku mulango. Watoto wake walikuwa wamemuomba ajifiche, akakataa. Akapiga magoti karibu yangu: "Dada, ukikufa hapa, mimi pia wataniua. Simama, twende hospitali." Shemeji akasema hapana. Bwana yangu, muntu asiye na maneno mingi, akasema, "Aende naye."

Tukapanda moto, ile pikipiki ya kubeba watu, mimi katikati, yeye nyuma amenishika, Masisi, Sake, mpaka upande wa Kirotshe. Ku kizuizi kimoja, mwenye bunduki akaniangalia vibaya. "Huyu mama ananizarau? Ninamusalimia, sura haitikisike." Jirani yangu akamujibu taratibu, "Papa, hakuzarau. Iko mugonjwa, sura yake njo haitembeye." Akatuachilia.

Hospitali, dokta mwanamke akaniuliza chakula, kinywaji, kisha akauliza, "Na sindano? Wiki hizi ulitobolewa yoyote?" Nikamuonyesha paji, na haya kidogo. Akaweka kalamu chini. Akanieleza kama ile dawa kazi yake ni kulegeza misuli, na pengine haibaki fasi waliitia. Inaweza kufika ku kope ao ku koo, inaweza kukausha mate, na inaweza kungoja siku mingi mbele ya kujionyesha. "Mama, hii haiko karuho," akasema. "Lakini ile ya kutapisha ilitaka kukuua."

Jirani yangu hakucheka, hakulia. Alisema tu, "Dokta, uiseme ku telefone, wa kwetu wasikie na sauti yako." Dokta akamuita shemeji papo hapo. Shemeji akasikiliza yote, kisha akakata simu.

Walinilaza, wakachunga pumzi yangu, wakanipa uji laini na mayi kidogo kidogo. Wiki kwa wiki kope ikapanda. Siku mate ilirudi, nililia. Mulishaona muntu mukubwa analilia mate?

Namushukuru Mungu, namushukuru ule dokta, namushukuru bwana yangu kwa maneno yake mbili. Mwenye kutaka sindano ya sura, simukatazi, lakini aulize mbele, na koo ikigoma akimbilie hospitali, aseme yote. Na mukiona mugonjwa, muache kwanza kutafuta mulozi.

Lakini aliyepona ni mimi tu. Jirani yangu bado hajapona ile jina ya mulozi. Munamusalimia, kweli, lakini tangu siku ile hakuna mama aliyeenda kumusaidia kupanda maharagi, na yeye alipanda na wengi wenu. Mbegu iko tayari, mvua imekuja. Kesho asubuhi nitakuwa pale na jembe yangu. Jina yake sikutaja, lakini njia ya shamba yake munaijua wote.