Amplifaya ya Mwimba Besi

Kwenye behewa la treni, mkutubi alijifanya anasoma, lakini masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Fundi saa mmoja alikuwa amefunga kicheza muziki na amplifaya ndogo kwa mpira wa nywele, kisha akachomeka visikizi vya masikioni.

"Mama, leo kwaya inataka kunitoa," alimwambia mkunga aliyeketi karibu naye, mtu asiyemjua kabisa. "Eti naharibu besi. Mazoezi yetu nimeyarekodi humu. Kwa simu husikii vizuri, ila kwa amplifaya hii kila mtu anasikika peke yake. Hebu nitafutie mkosaji."

Mkunga alivaa visikizi, akafumba macho kama anayesikiliza mapigo ya mtoto tumboni. "Nimempata. Maskini, kama mbuzi aliyekwama kwenye uzio."

"Nilijua! Ni yule seremala anayesimama kando yangu kwenye besi!"

"Ni wewe, mwanangu."

Mkutubi aligeuza ukurasa ambao hakuwa ameusoma.

Fundi alichomoa waya, akaupuliza, akauchomeka tena. "Basi visikizi na amplifaya havipatani. Rudia."

"Hata ukifunga amplifaya tatu, mbuzi atazidi kusogea tu."

Treni iliposimama kwenye kituo alichopaswa kushuka, fundi alikuwa bado anambembeleza mkunga asikilize kwa sikio la kushoto peke yake, maana kisikizi cha kulia, alisema, kimehongwa na seremala.