Michungwa ya Mudathir Shambani kwa Bi Tausi

Marehemu Mudathir bin Hilal alizaliwa Tongoni tarehe 4 Mei 1938, katika masika ambayo hata kuku walijifunza kuogelea. Alisoma Kurani chuoni kwa maalimu, kisha shule hadi darasa la nne.

Alifanya kazi ya mkonge mpaka mwaka 1984, shamba lilipofungwa na watu wakala unga wa njano. Mwaka 1987 kijiji kilimchagua apange mradi wa kuchanganya miti na mazao. Wataalamu walileta miche ya mikaratusi. Yeye akauliza kwanza kisima kiko wapi.

"Mti huu utakunywa kabla yetu," akawaambia.

Akapanga michungwa ikinge mteremko ulio juu ya kisima, mihogo na kunde katikati. Mteremko wenyewe ulikuwa shamba la Bi Tausi, mjane ambaye wanja wake haukufutwa na mvua yoyote.

Marehemu alimwoa Bi Mwatumu binti Sadalla, Makorora, mwaka 1961. Mwatumu alikuwa na wivu wa kunusa kanzu. Na kwetu pwani mti ni wa aliyeupanda, hata ardhi ikiwa ya mwingine. Aliposikia michungwa kumi na miwili imepandwa kwa mjane, alimkabili mumewe akinywa uji.

"Mali yako ishafika kwa Tausi, bwana. Mwenyewe utahamia lini?"

"Ikizaa," akajibu marehemu, akaendelea na uji wake.

Basi kila asubuhi Mwatumu akaenda na ndoo kichwani, ati kumwagilia. Maji yalikwenda kwenye miti, macho kwa Tausi.

"Shoga, leo umemtangulia jogoo," Tausi akamtania.

"Jogoo wangu ndiye ninayemfuata."

Viangazi vitatu hakukosa siku, hata akiwa na homa. Miche ya wengine ilikauka, ile ilisimama.

Figo zilianza kumsumbua marehemu mwaka 1993. Alipoona safari imekaribia, aliwaita mkewe, Bi Tausi na jirani yao, Mzee Msafiri.

"Bi Tausi alikataa miti ya mume wa mtu shambani kwake," alisema. "Msafiri ni shahidi: niliipanda kwa jina la Mwatumu."

"Na miaka yote hii ukaninyamazia?"

"Ungejua ni yako, mke wangu, ungesema utamwagilia kesho."

Alifariki Ijumaa, tarehe 17 Machi 1995, Nguvumali, kwa bintiye Samira.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na michungwa kumi na miwili. Bi Mwatumu ameingia eda. Ndoo amemkabidhi Bi Tausi, na akitoka edani atayahesabu machungwa.

Mola amlaze Mudathir penye kivuli, apumzike kwa amani.