Benchi la Ghala la Kahawa

Wewe ungepakia kwenye lori benchi lililooza mguu? Mzee Baltazar alilipakia, mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia Mbinga na vitu vya ghala la zamani la kahawa vikatupwa nje. Mimi nilikuwa juu ya gunia la mahindi, karibu naye. Mbele yetu alikaa mama mmoja muuza dagaa wa usipa, anarudi ziwani na matenga matupu.

"Baba, hizo ni kuni," mama yule alisema. "Siku hizi viti vya plastiki vimejaa sokoni."

"Huu ni mninga, mwanangu. Mguu nitachonga mwingine. Misumari hiihii nitainyoosha kwa jiwe. Nitalikwangua kwa kipande cha chupa, halafu nitalipaka oili chafu, mchwa walikome."

Oili yenyewe alikuwa nayo kwenye kopo, na kitenge changu kilishaionja.

"Nawajua wazee," mama akacheka. "Mtakaa juu mnakunywa pombe, mama yuko chini mkekani."

Hapo alisema kweli. Kwetu benchi ni la wanaume.

Lori lilisimama njia panda ya kwa Mzee Baltazar. Alishuka, akalipokea benchi kwa mikono miwili, akamtazama yule mama.

"Mke wangu Kunigunda magoti yamekufa. Akikaa mkekani hawezi kuinuka, kwa hiyo anashinda ndani. Nataka akae nje na mimi, hapahapa juu, bega kwa bega. Wa kucheka na wacheke."