Maumivu Yanapoteremka

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, ubavuni mwa duka lililofungwa, na kila anayelikalia amewahi kuahidiwa kazi na mtu asiyepokea simu tena. Kahawa yake ni chungu na ushauri wake ni wa bure, ndiyo maana ushauri hauishi. Jioni hiyo Digrii alifika akitembea kama mtu aliyebeba kabati lisiloonekana, akakaa upande upande, akatoa alichokuwa akikitafuna njia nzima: kesho fomeni anachagua vibarua wa kubaki kwenye ghala la saruji, na mgongo wake umegoma.

Hakuna aliyecheka. Tangu avue joho, Digrii ameandika barua za maombi mpaka mkono ukajua kuziandika peke yake. Shahada ya uchumi ilimfundisha kuubeba mzigo wa deni la taifa kwa kalamu. Mfuko wa saruji haukuwamo kwenye silabasi. Na pale getini wapo wanaume wanaosubiri mmoja tu ashike kiuno, waingie wao.

Mafuta, aliyekuwa akiwakanda wachezaji wa timu ya mtaa mpaka timu ikafa, alikwishachomoa kichupa mfukoni. Akamwinamisha Digrii, akampandisha shati, akaanza kusaka fundo kwa dole gumba.

— Taratibu, bro. Hiyo ni nyama, si gogo.

— Dawa ya moto ni moto, mwanangu. Maumivu madogo hayaondoki mpaka yaone makubwa yake.

Spana, fundi magari, alipinga. Mgongo ni springi, na springi haikandwi, inavutwa. Yeye angemning'iniza Digrii kwenye mnyororo wa kuinulia injini mpaka asubuhi. Akikosea je? Spana akamtuliza kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

— Na koleo ni mimi, si ndiyo?

Mama wa kahawa alimpa kikombe, akauliza maumivu yalianzia wapi. Digrii akaeleza, akiona aibu kidogo: juzi yalikuwa kiunoni, jana yakaingia takoni, leo yameshuka pajani kama waya wa umeme ulioungua. Mikono ya Mafuta ikasimama. Alisema maji hufuata mkondo. Maumivu yamejua njia na yanatoka yenyewe, yatamalizikia vidoleni. Spana naye akageuka papo hapo, akaapa kwamba hata oili chafu humwagwa kwa chini. Kuanzia hapo kila Mafuta alipobonyeza, benchi zima liliuliza yamefika wapi, kama watu wanaosikiliza mpira redioni. Pajani. Nyuma ya goti. Shavu la mguu.

— Sasa je?

— Hapo chini sisikii kitu.

— Hayapo?

— Hayapo. Mguu umenyamaza kabisa.

Wakampongeza. Spana alidai kahawa ya ushindi. Digrii alijaribu kucheka nao. Alijiona chini ya mfuko, fomeni akimwita kwa jina. Lakini roho ilikataa kukaa. Ukimya ule haukufanana na kupona. Ulifanana na kupiga hodi kwenye ofisi iliyohama.

— Mzee Mafuta, una hakika?

— Mgonjwa gani wewe, unalalamika kwa kuwa huumwi? Kesho kabebe.

Akaja mwanamke mmoja na chupa ya chai tupu, anataka ajaziwe kahawa. Hakuna aliyemjua. Alipokuwa akingoja, macho yake yakashuka chini.

— Samahani kaka, ndara yako ya pili iko wapi?

Spana aliinama kutazama chini ya benchi. Mama wa kahawa alitazama barabara, mpaka pale inapokata kona. Digrii alikuwa ametoka ghalani na zote mbili. Sasa ule mguu ulionyamaza ulikuwa mtupu, na kisiginoni kimezama kigae cha chupa, damu imeshikana na vumbi la njia yote ile.

Mafuta aliondoa mikono mgongoni polepole, kama mtu aliyeshika kitu cha wenyewe.

Digrii akaviamuru vidole vya mguu vijikunje. Vikamtazama tu.