Kiti cha Kamaludin

Shoga, kabla sijafungua mdomo wangu, apa. Sema wallahi. Sema tena, hiyo ya kwanza umeimeza nusu. Neno hili likitoka nitajua ni wewe, maana wengine wote nimeshawaapisha! Kha kha kha! Haya, sogea.

Pale Kibokoni, kichochoroni, pana baraza ya mawe ya kukaa watu watano, na mbele yake dirisha la kijani. Mwaka tisini na saba, kabla ile mvua ya Elnino haijatulowesha, kila alasiri baraza ile ilikuwa Bunge. Spika wake mzee Mbwana. Huyo miaka kumi na tisa alibeba majagi ya maji Bungeni Nairobi, akisimama ukutani kimya, na kanuni zote zikamwingia kichwani. Aliporudi Mombasa hakurudi na mali, alirudi na kanuni. Siwa lake, lile rungu la Spika, lilikuwa mchi wa kutwangia, mchi wa marehemu mkewe Mwanakhamis. Mchi ukilazwa barazani, hasemi mtu mpaka Spika amuone. Wabunge walikuwa wanne. Karisa kuli wa bandarini, wamwita Redio. Imran wa duka la vitambaa, wamwita Futi kwa vile hupima hata maneno. Gunga muuza kahawa, wamwita Karani. Na Kamaludin fundi cherehani, sahibu wa Spika tangu chuoni, walipokuwa wakisoma Kurani ubao mmoja. Huyo ndiye aliyekuwa haonekani, na mahali pake, kuumeni kwa Spika, palikuwa patupu.

Siku hiyo Spika alilaza mchi, lakini roho yake haikuwapo. Alijua Redio amekuja na jambo.

— Bwana Spika!

— Mheshimiwa Redio, nimekuona.

— Bwana Spika, nataka Bunge hili litangaze kiti cha Kamaludin ki wazi. Tuna mgeni hapa, mzee Tsofa. Wahenga wasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu leo siku ya kumi na mbili, jembe hatuna, tumpe kiti!

Wote wakamtazama Tsofa. Alikuwa mlinzi wa maghala kule Makupa, amestaafu, amehamia kwa bintiye hapo nyuma. Kila siku yuaja, ananunua kahawa, anainywa wima ameegemea ukuta, mguu mmoja umemvimba.

— Mimi hapa pananitosha, alisema Tsofa.

— Mgeni haruhusiwi kusema! Spika akafoka. Kisha akaona haya, maana mguu ule aliuona. Akasema taratibu: Hoja yataka mtu wa kuiunga mkono.

— Naiunga, akasema Futi. Maji yakimwagika hayazoleki, Bwana Spika. Ndio maana twataka kikombe kipya.

— Hoja ya nidhamu! Karani akaruka na dele lake, kahawa nusura immwagikie Futi mapajani. Twajuaje kuwa hatarudi? Pengine ni mgonjwa. Nasikia amepelekwa Mambrui kuombewa.

— Mambrui? Redio akacheka. Wewe habari zako zimelala, ndugu yangu. Kamaludin amefungua baraza yake Tudor. Upinzani! Huko yeye ndiye Spika, na mchi wake ni wa mninga.

— Mninga! Spika alishtuka hata kofia ikamsogea.

— Na halua yagawiwa bure.

— Kama halua yagawiwa bure nami nahamia, akasema Futi. Lakini si Tudor. Mimi nimesikia mkubwa mmoja amemchukua amshonee suti za uchaguzi. Amefungiwa chumbani, ashona usiku na mchana, haruhusiwi kutoka mpaka kura zipigwe. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Yaani akirudi, huyo akae chini!

Shoga, hapo ungecheka mpaka ukajikojolea! Lakini Spika hakucheka. Yeye alikuwa akijua vizuri kwa nini Kamaludin haji, na wote walikuwa wakijua. Siku ile ya ugomvi walikuwa wakijadili maji ya mfereji, yatarudi au hayarudi. Mambo ya kipuuzi. Spika akamkata Kamaludin maneno mara tatu, na mara ya tatu Kamaludin akamwambia mbele ya watu: Wewe, tangu Mwanakhamis afe, huna wa kumwamuru nyumbani, ndio waja kutuamuru sisi. Spika akamwambia aondoe maneno yake. Akasema haondoi. Akamwambia tena. Haondoi. Basi kanuni ni kanuni, akamtoa nje ya Bunge vikao vitatu. Kamaludin akaweka kikombe chini polepole, akenda zake. Vikao vitatu vikapita, cha nne hakuja. Cha tano hakuja.

Na nyumbani kwa Spika, mwenzangu, kulikuwa na saa ya ukutani na sahani moja. Usiku alikuwa akijibu ile saa.

— Tupige kura! Redio akadai.

Spika akapangusa mchi kwa ncha ya kikoi, hauna hata vumbi.

— Wanaosema ndio?

— Ndio! Redio na Futi, wakatoa sauti mpaka paka akatoka mbio.

— Wanaosema la?

— La, akasema Karani, kisauti cha mtu mwenye mafua.

Spika akatazama dirisha la kijani, akatazama mchi.

— Nionavyo, la wameshinda.

— Wameshinda wapi! Bwana Spika, masikio yameziba? Twataka kuhesabiwa! Mikono juu!

— Haya, mikono. Wanaosema ndio. Wawili. Wanaosema la.

Karani akainua mkono. Spika akangoja. Akangoja hata Karani mkono ukamchoka, akaushika kwa mkono wa pili.

— Mmoja, akasema Spika. Lakini akidi ya Bunge hili ni wabunge wanne. Nyinyi ni watatu. Kura hii haisimami.

— Wa nne si ndiye huyo Kamaludin! Futi akashika kichwa. Yaani hatuwezi kumtoa asiyekuwapo kwa sababu hayupo?

— Ndio kanuni.

— Bwana Spika, kanuni hiyohiyo yasema mbunge akikosa vikao vinane bila ruhusa, kiti chaenda. Karani, soma!

Karani alikuwa akiandika mahudhurio kwa makaa ukutani. Akahesabu kwa kidole mistari ya siku alizokosa Kamaludin. Kumi na miwili. Akaitoa mitatu ya adhabu.

— Tisa, akasema, kama aliyefiwa.

Spika akauvuta mchi mapajani. Miaka kumi na tisa ya kushika jagi Nairobi, hajapata kumsikia Spika wa kule akidanganya akiwa kitini.

— Alikuwa na ruhusa, akasema.

— Ya nani?

— Yangu. Aliniomba, nikampa.

Redio alifungua mdomo, akamwona mzee wa watu ameukumbatia mchi wa mkewe, akafunga mdomo. Asiyekuwapo na lake halipo, alitaka kusema, nadhani. Hakusema.

Ni yule Tsofa, aliyekatazwa kusema, ndiye aliyesema. Na hakuuliza kwa ubaya, masikini.

— Samahanini wazee wangu. Huyo bwana yuakaa wapi hasa?

Karani akaelekeza kwa midomo. Dirisha la kijani.

— Pale? Hapo mbele?

— Hapo.

— Basi katika siku zote hizi, ni nani aliyekwenda kumpigia hodi?

Shoga! Futi akapima ukucha wake. Redio, ambaye hazimiki, akazimika. Karani akainamisha dele amjazie Spika, yakatoka matone mawili na machicha.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Wakaondoka mmojammoja bila kuagana. Tsofa naye akaenda akichechemea, na hata baraza ilipokuwa tupu hakukaa.

Spika akabaki peke yake. Kisha akauchukua mchi, akavuka. Ni hatua tisa, Karani alizihesabu kutoka pembeni alikojibanza. Akafika mlangoni. Akainua mkono kupiga hodi, mkono ukasimama hewani. Angesema nini? Amri ya Spika haifutwi na Spika mwenyewe, mwenye kuondoa maneno ni yule aliyeyasema. Akasimama hivyo hata ikaadhiniwa magharibi. Akaushusha mkono, akaugeuza mchi, akauegemeza mlangoni pa watu, mchi wa Mwanakhamis, akenda zake mikono mitupu.

Nani kaniambia? Mwanatumu kaniambia, mkewe Kamaludin, jikoni kwangu, akaacha hata chai ikapoa. Asema kila alasiri mumewe alikuwa akijimiminia kahawa yake, akikaa nyuma ya dirisha lile, asikiza kikao mwanzo mpaka mwisho. Na siku ile Spika aliposema "wanaosema la", akawa angoja, Kamaludin mle ndani aliinua mkono. Mwanatumu akamwambia, fungua basi dirisha, wakuone. Hakufungua. Alikaa na mkono juu mpaka Spika akasema mmoja.