Kompyuta Iliyoachwa Wazi

Gazeti langu lilikuwa wazi ukurasa wa mpira, na mimi mpira siujui. Masikio yangu yalikuwa kiti cha mbele yangu ndani ya basi, ambako muuguzi mwenye sare alikuwa akimnong'oneza mama aliyeketi naye.

"Simu ilijaa, nikahamishia picha zote kwenye kompyuta ya nyumbani. Hata zile za majeraha yangu, nilizokuwa nawawekea polisi."

"Ungezificha, mwanangu."

"Nilitaka, mama. Mume wangu akaamka ghafla, nikatoka mbio, nikaiacha kompyuta wazi."

"Si ataenda kazini?"

"Leo yuko likizo."

Nikafunua ukurasa mwingine nisiousoma.

"Na mtoto wenu umemwacha na nani?"

Muuguzi akainuka kitini. Basi liliposimama akashuka, hospitali ikiwa bado mbali, akavuka barabara kusubiri la kurudi.