Chumba cha Alhamisi cha Bi Paskazia

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bi Paskazia Muganyizi, mtaalamu wetu wa fiziotherapia, anastaafu tarehe 30 Juni. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Nimeuanza mara nne na kuufuta mara nne, na sababu mtaiona.

Alizaliwa Muleba, akaja Mwanza akiwa binti, na tangu hapo hajatulia. Chai anainywa amesimama. Waliovunjika miguu walimpenda, wavivu wa mazoezi walimkimbia. Lakini kazi aliyoianzisha mwenyewe, mwaka 2009, ni kliniki ya Alhamisi ya wanawake wanaotokwa na mkojo wakikohoa, wakicheka au wakinyanyua ndoo. Wengi walikuwa wameambiwa kwamba ndiyo uzazi huo, wavumilie. Wengine walishaacha kwaya, wengine walishaacha hata kunywa maji.

Aliwafundisha kukaza misuli ya chini ya nyonga: kaza kama unayebana mkojo, hesabu mpaka nane, achia, na pumzi usiizuie. Mara tatu kwa siku, miezi mitatu. Mwenye kikohozi sugu alitibiwa kikohozi kwanza. Asiyepata nafuu alipelekwa kwa daktari wa wanawake, lakini hakuna aliyekimbizwa kwenye upasuaji kabla ya kujaribu mazoezi.

Mwanzoni alikosea, na kosa hilo hupenda kulisimulia mwenyewe. Aliwauliza wanawake hali, nao kwa adabu zao wakamjibu shikamoo, tunaendelea vizuri, Mungu ni mwema. Akaandika wamepona. Daftari lake likasifiwa kikaoni. Kisha siku moja, sokoni Buhongwa, akamkuta Mama Rebeka (si jina lake halisi), namba tatu kwenye orodha ya waliopona, amejifunga kitenge cha pili juu ya kilicholowa. Jumatatu asubuhi Bi Paskazia alikwenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali yetu, kuzikana sifa alizopewa. Tangu hapo hakuuliza tena mtu hali. Alimbebesha ndoo iliyojaa kutoka bombani hadi mlangoni mwa kliniki, akamwambia akohoe, ndipo akaandika. Wanawake wa Sengerema walivuka kwa kivuko kuja kubeba ndoo Mwanza, na walicheka sana. Mama Rebeka alifika mlangoni mkavu mwezi wa nne wa mazoezi.

Sasa niseme kinachoninyima raha. Bi Paskazia akiondoka, chumba cha kliniki hiyo kimepangwa kuwa stoo, kwa sababu uongozi unasema hakuna mwanamke aliyewahi kukililia. Tumepewa hadi Ijumaa kuleta barua yenye jina na sahihi ya mwanamke yeyote aliyesaidika. Nimewafuata kumi na wanne. Wote wamenishukuru, wote wamemwombea Bi Paskazia baraka, hakuna aliyeshika kalamu. Mmoja alinijibu kwamba jina lake likishafika ofisini, litafika na Misungwi kwa wakwe zake. Nimekasirika, lakini niliowakasirikia si wao.

Bi Paskazia mwenyewe ameniambia niwaache, kwamba siri ya mgonjwa si mali yetu. Hata mimi hakuniomba, ingawa angeweza.

Mwaka 2019, baada ya mtoto wangu wa pili, nilikuwa nikilowa kila nilipomnyanyua mgonjwa kitandani. Nilivaa koti refu hata kwenye jua la Septemba, na barua ya kuacha kazi nilishaiandika. Bi Paskazia aliona, hakusema neno kwa mtu. Kwa wiki kumi na mbili alinifungulia chumba kile kila Alhamisi saa saba, wenzetu wakiwa kwenye chakula. Nilipona. Mume wangu atalijua hili atakaposoma jarida hili.

Bi Paskazia, asante kwa mikono yako na kwa ukimya wako. Sisi wenzako tunakuombea afya njema, shamba lenye kuzaa na miaka mingi ya furaha huko Muleba.

Mganga mfawidhi, barua uliyoitaka ndiyo hii.

Gladness Masalu, muuguzi, wodi ya pili.